Tangu Februari hakuna aliyeniita kwa jina

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mzaliwa wa Pangani, mkoa wa Tanga. Mwisho wa Februari mwaka huu nilihamia Arusha na mwanangu wa miaka sita kumfuata mume wangu, ambaye alipata kazi ya udereva wa magari ya watalii. Yeye alitangulia mwaka jana. Tumepanga Sombetini, chumba na sebule, ua mmoja na wapangaji wengine watano.

Nakuandikia saa tano usiku. Mtoto amelala. Mume wangu yuko Serengeti tangu Jumapili na simu yake haipatikani. Simlaumu kwa hilo, kule mtandao unakamata sehemu na sehemu. Ila nikisikia gari linasimama njiani usiku moyo unaruka, na likiondoka unabaki na uzito wake.

Shida yangu nikiitamka inakuwa ndogo, ndiyo maana sijamwambia mtu. Hakuna aliyenitukana wala kunipiga, na chakula tunakula. Lakini Shangazi, mji huu umenishinda.

Kwetu nilikuwa napika vitumbua alfajiri na kuviuza karibu na kivuko, wateja wangu wakiwa ni wale wanaovuka kwenda Bweni. Saa mbili sinia limeisha, nakwenda kungoja samaki. Kila anayepita ananiita. Asiponunua atanisalimu, aulize mama ameamkaje, mguu wa bibi umepoa au bado. Zile salamu zilikuwa zinanichosha, nikitamani waniache nipike. Leo nazililia.

Huku naamka, natoka uani na ndoo, nasema "hamjambo jamani", wawili wanaitika, wengine wana hedifoni masikioni. Saa kumi na mbili na nusu kila mtu kashaondoka, kufuli mlango hadi mlango. Uliobaki wazi ni wangu. Tangu Februari sijasikia mtu wa mji huu akiniita kwa jina. Mwenye nyumba akija kudai mchango wa umeme wa LUKU anasema, "Chumba cha tatu, bado ninyi."

Mwezi wangu wa kwanza huku nilipanda kifodi, daladala ndogo za hapa, kutoka mjini kurudi nyumbani. Nilipoona tunakaribia nikamwambia konda kwa adabu, "Baba, naomba unishushe hapo." Muziki ulikuwa juu, hakusikia. Nikaona haya kupiga kelele mbele za watu. Gari likanipitisha mpaka Kwa Mrombo, magharibi imeingia, sijui pa kusimama wala wa kumuuliza. Niliporudi nilimkuta mtoto amekaa mlangoni gizani. Tangu siku hiyo sitoki ila kwa lazima. Soko la Kilombero nimekwenda mara nne tu, na mara zote nimerudi na nazi zilizooza.

Masika mume wangu hakuwa na safari. Aprili na Mei alishinda nyumbani, pesa hakuna, tukawa tunagombana hata kwa kiberiti. Nikaomba Mungu kazi ifunguke. Ikafunguka Juni, na sasa simwoni. Anakuja usiku mmoja au miwili, analala kama gogo, anaosha gari, kaondoka. Nikimwambia sina raha ananijibu neno moja: "Utazoea." Neno hilo nimelichukia.

Halafu baridi. Sikuwahi kuijua baridi ya namna hii. Usiku naingiza jiko la mkaa chumbani, nafunga dirisha ndipo mtoto alale. Kila siku anakohoa. Maji tunachota kisima cha jirani, nayachemsha, hivyo sidhani kama ni maji.

Mtoto mwenyewe kabadilika. Alipoanza shule walimcheka anavyosema "miye". Sasa hasemi tena "miye", bali ananiingilia ndani na "Oya maza, niaje!" Nilimchapa. Nikalia baadaye.

Anayenisemesha ni mama mmoja tu, wa chumba cha tano. Ameniambia nisikae bure, anajua watu wanaokopesha laki tatu siku hiyo hiyo bila maswali mengi, unarejesha kila wiki. Nataka kukubali ili angalau nipate shughuli.

Mama yangu nampigia simu asubuhi, mchana na usiku. Namwambia mji mzuri, watu wakarimu, tumenenepa. Nikikata simu nalia. Dada zangu wanatuma picha za samaki na za ufukweni, naziangalia mpaka bando linaisha.

Kodi tuliyolipa ya miezi sita inaisha mwisho wa Agosti. Mwenye nyumba anataka miezi sita mingine, laki nne na themanini kwa mkupuo. Mume wangu anasema atalipa. Mimi naona afadhali hela hiyo nipande nayo basi, nirudi Pangani na mwanangu, yeye atufuate masika kazi ikilala. Nirudi, Shangazi?

Mgeni, Sombetini

* * *

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijagusa lolote lingine: leo usiku jiko hilo litoe nje. Usingoje kumaliza kusoma. Mkaa ukiungua ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Mtu anahisi kichwa kizito na usingizi, analala, haamki. Kila mwaka msimu huu wa baridi tunazika watu kwa jiko la chumbani, wengine familia nzima, na wote walikuwa wanafanya ulichokuwa unafanya wewe, kumpasha mtoto joto. Mkaa unaoonekana umekwisha kuwa majivu nao bado unaitoa. Mvalishe soksi, sweta na kofia ya sufu alale navyo. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu, ifunike vizuri, izungushie kitenge, iweke miguuni pake. Sweta za mitumba za watoto hazimalizi pesa. Na kikohozi cha kila siku kwa mtoto wa miaka sita kinahitaji daktari, mpeleke kituo cha afya wiki hii.

La maji nitalisema haraka. Kuchemsha kunaua vijidudu, na hapo umefanya vizuri. Lakini maji mengi ya visima vya upande huu wa Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi, na floraidi haitoki kwa kuchemsha. Ndiyo inayowafanya watu wengi waliokulia huku wawe na meno ya kahawia. Mwanao yuko kwenye umri ambao meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi. Ya kufulia na kuogea chota kisimani. Ya kunywa na kupikia tafuta ya bomba la mamlaka ya maji au kinga ya mvua, kisha ndiyo uyachemshe.

Sasa tukae.

Umeandika kwamba shida yako ukiitamka inakuwa ndogo. Si ndogo. Ulikuwa mtu mwenye jina, mwenye sinia lake, mwenye mahali pake karibu na kivuko, unayeulizwa habari za bibi. Basi la siku moja limekufanya chumba cha tatu. Ingekuwa ajabu usilie. Mumeo anaposema "utazoea" nadhani hana nia mbaya, naye mwaka jana alilala peke yake mji huu huu na hakuna aliyemfariji. Lakini neno hilo halimpi mtu cha kufanya, na wewe unachohitaji ni cha kufanya kesho asubuhi.

Mimi nilishuka stendi ya Arusha mwaka 1991 nikitokea Songea, nikiwa mdogo kuliko wewe. Ni baridi ya Julai hiyo hiyo, kiatu cha wazi mguuni. Miezi mitatu sikuwa na mtu. Nilichofanya, na sikukifanya kwa akili bali kwa woga wa kupotea, ni kununua nyanya kwa mama mmoja tu, njia moja tu, saa ileile, kila siku nyanya tatu. Hatukuwa tunazungumza. Siku moja nikaugua malaria, nikakaa ndani siku nne. Nilipotokea akanitazama akasema, "Wewe wa nyanya tatu, ulikuwa wapi? Nimekuulizia." Nilishika lile neno nikatembea nalo hadi nyumbani. Mama yule ndiye aliyenitafutia kazi yangu ya kwanza, na ndiye aliyenishikia mtoto wangu wa kwanza.

Ninachotaka kukuambia ni kwamba mji kama huu haukujui kwa kuishi ndani yake. Unakujua kwa kurudia. Pangani ulizaliwa unajulikana, hukulifanyia kazi hilo. Huku lazima uonekane mahali pamoja, saa ileile, mara nyingi, hadi siku usipoonekana mtu agutuke. Umekwenda Kilombero mara nne tangu Februari, na naamini mara nne hizo ulinunua kwa watu wanne tofauti. Hakuna muuza nazi anayemlinda mteja atakayemwona mara moja. Chagua mmoja, mwanamke mtu mzima ikiwezekana. Mwambie umetoka Pangani na nazi unazijua. Zitikise mbele yake moja moja usikilize maji kama ulivyofundishwa kwenu. Rudi kwake wiki ijayo hata kama unataka nazi moja tu. Ya nne au ya tano atakuwekea kando zile nzuri.

Na konda. Adabu yako haina kosa, ila konda wa Arusha anasikiliza neno moja tu, "Shusha!", tena lililotoka kifuani. Si tusi, hata mabibi wanalisema. Kama bado linakushinda, ukipanda tu kaa kiti cha karibu na mlango, umwambie mapema kabla gari halijang'oka, "Mimi mgeni, ukifika kituo fulani nishushe." Atakumbuka. Wale vijana wanafokafoka, lakini ukiwakabidhi jambo wanalibeba. Wiki hii panda gari hilo hilo lililokupitisha, mchana kweupe, nenda nalo mpaka Kwa Mrombo kwa makusudi, shuka, kunywa chai, rudi. Usiruhusu eneo moja la mji libaki la kutisha kichwani mwako kwa sababu ya magharibi moja.

Kuhusu mwanao nitakupinga, na nitakupinga kwa upendo. Umesikia "Oya maza" ukadhani umempoteza. Mimi nimesikia mtoto aliyechekwa akajifunza lugha ya wenzake akapata marafiki, miezi mitano tu, bila msaada wa mtu mzima. Katika nyumba yenu, aliyefika Arusha kweli ni yeye. Fimbo iache. Mwambie "Oya" ni ya uwanjani, ukivuka kizingiti cha mama ni shikamoo, na "miye" hapa ndani si ya kucheka hata kidogo. Watoto wanaweza lugha mbili. Kisha mfuate. Muulize anacheza na nani, nenda jioni ukamchukue mwenyewe badala ya kumwita kwa sauti. Mama wa rafiki yake yuko mahali fulani anachambua mboga mlangoni, na huyo hatakuwa na hedifoni.

Majirani zako nao tuwatazame vizuri. Saa kumi na mbili na nusu wamefunga milango kwa sababu saa moja wanatakiwa kazini, sokoni, gereji. Hawakukimbii wewe. Ua wa wapangaji mjini unaishi Jumapili alasiri, wakati watu wanafua na kusukana nywele. Siku hiyo ndiyo yako. Pika vitumbua, weka vinne vinne kwenye sahani, piga hodi mlango hadi mlango. Useme jina lako mwanzo, kabla hawajakupachika lolote: mimi naitwa fulani, nimetoka Pangani, onjeni cha kwetu. Huku kama kwenu, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Wengine watairudisha na ndizi, wengine watairudisha na aibu na salamu. Mmoja hatairudisha kabisa, usimfuate kwa sahani.

Siku nyingine mwenyekiti wa mtaa wako mtembelee ofisini. Watu wengi huenda siku wanapotaka barua ya utambulisho, wakakuta hawajulikani. Nenda sasa ukaandikishwe kama mkazi. Ukifika uliza vikundi vya kina mama vinavyokutana karibu na kwako.

Hapo naingia kwenye ile laki tatu. Hapana. Mkopo wa siku hiyo hiyo usio na maswali, wa kurejesha kila wiki, ndio watu wanaouita kausha damu, na jina hilo halikuja bure. Marejesho ya kwanza yanadaiwa kabla biashara haijatoa faida. Ukichelewa wanakuja kubeba kitanda, godoro na jiko, mumeo yuko Serengeti simu haipatikani, na ua mzima unatazama. Usisaini karatasi yoyote. Mama wa chumba cha tano usimkatie urafiki, huenda naye yumo humo ndani na alitaka mtu wa kubeba naye mzigo. Mwambie kwa upole kwamba unaanza kidogo na chako.

Na kweli uanze kidogo. Vitumbua unavijua kuliko mimi. Mchele wa Magugu unapatikana Kilombero na ni mzuri. Chuma cha vitumbua, kama hukuja nacho, mwombe mama akutumie kwa basi. Asubuhi hizi za Julai fundi gereji anatamani kitu cha moto mkononi kuliko chochote, kwa hiyo ongeza uji wenye tangawizi. Anza na kilo moja ya mchele, wiki mbili, uone vinavyotoka. Kikundi cha vikoba, cha kuweka na kukopa, utakachojiunga nacho kitakupa mkopo wa watu wanaokujua, kwa riba mnayogawana wenyewe mwisho wa mwaka. Na kikundi kikisajiliwa kinaweza kuomba ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hayo ni ya mwakani. Mwaka huu ni kilo moja.

Mumeo. Sijui kama amekueleza kazi yake ilivyo, madereva wengi hawaelezi. Watalii hupungua sana masika, Aprili na Mei, mvua zinaharibu barabara za hifadhini na kambi nyingine zinafungwa. Kuanzia Juni hadi Oktoba madereva hawakamatiki. Julai hadi Septemba kila mgeni anataka kuwaona nyumbu wakivuka mto Mara, na huko ni kaskazini kabisa ya Serengeti, safari ndefu kutoka hapa. Kisha kazi inapoa kidogo, inarudi Desemba mpaka Februari. Mmeishi Aprili kama watu walioachishwa kazi kumbe ilikuwa kalenda tu. Ukilijua hilo, kila senti ya bahashishi anayoleta sasa inakatwa fungu la masika. Lifungeni mahali ambapo hakuna kati yenu anayeweza kulichomoa peke yake.

Akija safari hii usimwambie mji umekushinda, hilo hana la kulifanyia. Mwombe vitu anavyoviweza. Magari mengi ya watalii yana redio, na ofisini kuna mtu anayejua kila gari limelala wapi. Akuachie namba ya mtu huyo, ili usiku gari likisimama njiani moyo wako usiruke bure. Mwombe pia nusu siku ya kwanza baada ya usingizi iwe yenu watatu, kwa miguu, awaonyeshe Mnara wa Saa, stendi zote mbili na hospitali ya Mount Meru. Dereva anayewaonyesha wazungu simba hashindwi kumwonyesha mkewe stendi.

Mkifika daraja la mto Themi, simameni. Mto wenyewe umechafuka, takataka zimejaa, utasikitika. Lakini mwambie mwanao maji yale yanakwenda wapi. Yanashuka kusini yanaingia Kikuletwa, Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kinachotoka bwawani ndicho Mto Pangani. Unapita Korogwe, ile ile mliyopita na basi mkija, na unamalizikia baharini pale kivuko kinapovuka kwenda Bweni. Mama yako anauona kila siku mto uliopita hapa kwanza.

Mama yako huyo mwambie ukweli. Amekulea, sauti yako anaijua, nina hakika kila ukisema mmenenepa analala na wasiwasi zaidi. Mpigie mara moja kwa siku, jioni, ukiwa na la kusimulia: leo nilipanda gari nikasema shusha. Mara tatu kwa siku na picha za samaki katikati zinakuacha na mwili Sombetini na macho ufukweni, na mtu hawezi kujulikana mahali ambapo macho yake hayapo. Na kama hicho kilio kinaendelea kila siku, chakula hakiingii, usingizi umekwisha, au umeanza kuwaza bora usingekuwepo, hapo usijipe kazi ya uvumilivu. Nenda hospitali useme hivyo hivyo ulivyoniandikia, ni ugonjwa na unatibiwa.

Swali lako sasa. Usirudi Agosti. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wewe umeijua kwa tope la masika na ukungu wa Julai tu. Septemba mawingu yanaanza kufunguka, Mlima Meru unausimamia mji mzima asubuhi, na ikifika Oktoba mijakaranda inachanua zambarau barabarani. Si haki kuukata mji ambao hujauona ukiwa na jua. Wala sikufungi. Ukirudi Pangani mwanao atamwona baba yake miezi miwili kwa mwaka, tena miezi ambayo baba hana hela na ana hasira. Wapo wake wa madereva wanaoishi hivyo, siwahukumu, lakini waulize kabla hujawaiga. Mwaka mmoja kamili ukiisha, Februari hadi Februari, ukiniambia bado, nitakuwa upande wako mbele ya mumeo.

Mwenye nyumba mkabili kabla ya tarehe 15 Agosti, si siku ya mwisho. Mwombe miezi mitatu badala ya sita. Mwonyeshe kwamba mlilipa kamili na hamjamharibia kitu. Wenye nyumba wengi hukubali kwa mpangaji waliyemwona, wanachoogopa ni dalali na mtu mpya. Akikubali mwandikishiane, upewe risiti. Laki mbili na arobaini itakayobaki ndiyo mwanzo wa fungu la masika. Na siku hiyo akikuita chumba cha tatu, mtajie jina lako.

Vitumbua vya Jumapili, mchele uloweke Ijumaa usiku, Jumamosi mchana usage na tui, utie hamira. Kwa baridi hii rojo haliumuki kwa zile saa ulizozoea Pangani. Wageni wengi wa pwani hulimwaga wakidhani hamira imekufa. Lifunike, lizungushie blanketi, uliache usiku mzima.